Urithi, Kinga ya Mwili na Nuru ya Macho Yetu

Hotuba iliyosomwa mbele ya waumini na majirani katika maadhimisho ya mandir yetu, Kilosa



Kamati ya sherehe ilitutaka tuseme neno juu ya afya. Sisi si matabibu. Elimu yetu ilikomea sekondari, na maisha yetu yamepita nyuma ya meza ya duka. Haya tutakayoyasema tumeyapata kwa kuwauliza madaktari wa macho na kwa kusoma, kwa sababu maradhi haya yaliingia nyumbani mwetu kabla hatujayajua jina lake.

Waumini wenzetu mnajua kwamba tunapokuja mandir tunasema tumekuja kwa darshan, na maana ya neno hilo ni kuona. Majirani zetu nao wajue kwamba kwetu sisi, kusimama mbele ya murti na kuitazama ni ibada yenyewe. Baba yetu mzazi, katika miaka yake ya mwisho, alisimama pale karibu na nguzo wakati wa aarti, taa zikiwa zimekwisha kuwashwa na kengele zinalia, akatuuliza kwa sauti ya chini: "Wameshawasha?" Hatujaisahau sauti ile. Ndiyo iliyotuleta mbele yenu leo.

Kwanza tueleweshane juu ya jicho. Wengi wetu tunaujua mtoto wa jicho, ule ukungu unaoingia katika lenzi, ambao daktari huuondoa kwa upasuaji na mgonjwa akaona tena. Lakini nyuma kabisa ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Huo ndio unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Lenzi ikiharibika, hutiwa nyingine. Retina haina ya akiba. Tena retina haina hisia ya maumivu: huweza kuharibika kwa miaka mingi na mwenye jicho asihisi lolote, mpaka siku anapokuta nusu ya ukurasa haionekani. Mtu huyo aghalabu husema, "Ni mtoto wa jicho tu, nitakwenda baadaye." Hiyo baadaye ndiyo inayomponza.

Je, retina huharibiwa na nini? Sababu ni nyingi, nasi leo tutazishika mbili ambazo watu huzifahamu kidogo: kinga ya mwili wetu wenyewe, na yale tuliyoyarithi kwa wazazi.

Tuanze na kinga, na tuanzie hapa nyumbani. Kilosa imo katika orodha ya maeneo ya Tanzania yenye ugonjwa wa usubi, pamoja na Mahenge, Tukuyu, Ruvuma na sehemu za Tanga. Inzi wadogo weusi huzaliana penye mito ya milimani iendayo kasi, na kwa kuuma kwao huingiza mwilini vimelea vya minyoo. Minyoo wakubwa hukaa katika vinundu chini ya ngozi, na huweza kuishi humo zaidi ya miaka kumi, wakizaa vijidudu vidogo vinavyotembea ngozini na wengine kufika machoni. Ndugu zetu wa vijijini wanaijua miwasho yake isiyokwisha.

Jambo lililotushangaza tulipoelezwa ni hili: vijidudu hivyo vikiwa hai ndani ya jicho havileti madhara makubwa. Madhara huja vinapokufa. Hapo kinga ya mwili huvivamia, jicho likavimba kwa ndani, na vita hivyo vikirudiwa mwaka hata mwaka, kioo cha jicho huingia makovu, na retina nayo hupata mabaka yasiyoona tena. Ni mfano wa mlinzi aliyemfukuza mwizi kwa kuichoma nyumba. Mlinzi hakuwa na nia mbaya, lakini mwenye nyumba amebaki bila paa.

Kinga yake ipo. Dawa ya Mectizan imekuwa ikitolewa bure na kampuni ya Merck tangu mwaka 1987, na wanasayansi wawili walioivumbua asili yake, William Campbell na Satoshi Omura, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Dawa hiyo huviondoa vijidudu vichanga ingawa haiwaui minyoo wakubwa, ndiyo maana kumeza mara moja hakutoshi. Mgawa dawa wa kijiji anapokuja mwaka huu, na mwaka ujao, na mwaka utakaofuata, tusimwambie kwamba tulikwisha kumeza. Anakuja tena kwa sababu minyoo wakubwa bado wangali hai.

Kinga ya mwili ina mikasa mingine machoni. Mwaka 1880 daktari wa Birmingham, Uingereza, aitwaye Henry Eales, alieleza habari za vijana wanaume waliokuwa wakivuja damu ndani ya jicho. Ugonjwa huo wenye jina lake leo huonekana zaidi katika Bara Hindi, kwa vijana ambao kwa kuwatazama ni wazima. Mishipa midogo ya retina huvimba, kisha huziba na kuvuja. Wataalamu wengi huuhusisha na jinsi kinga ya mwili inavyoupokea ugonjwa wa kifua kikuu, hata kama kifua chenyewe hakionyeshi kuumwa. Basi kijana wa ukoo wowote akisema ameona ghafla nyuzi nyeusi au moshi ukielea mbele ya jicho lake, asiambiwe apunguze kutazama simu. Apelekwe kwa daktari wa macho, tena upesi.

Kwa upande wa pili, kinga ikidhoofika sana, kama kwa mtu mwenye virusi vya Ukimwi asiyetumia dawa, virusi vingine vilivyokuwa vimelala mwilini huamka na kuila retina. Tangu dawa za kufubaza zilipoenea, balaa hilo limepungua mno. Anayezimeza dawa zake kila siku anayahifadhi na macho yake.

Sasa tuje kwenye urithi, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana tutagusa penye donda.

Waliosoma au kusimuliwa Mahabharata wanamkumbuka mfalme Dhritarashtra, aliyezaliwa kipofu. Husimuliwa kwamba alizaliwa hivyo kwa kuwa mama yake alifumba macho kwa hofu alipokutana na baba wa mtoto. Kisa hicho ni cha kale na kina mafunzo yake. Lakini tazameni jinsi lawama ilivyomwangukia mama. Nasi hadi leo hufanya vivyo hivyo. Mtoto akizaliwa na kasoro ya macho, Mhindi husema ni karma ya maisha yaliyopita, jirani yake husema amerogwa, na wote wawili humgeukia mama kumwuliza alifanya nini.

Katika nchi yetu hakuna mahali ambapo lawama hiyo imewaumiza watu kuliko kwa ndugu zetu wenye ualbino. Wengi huitazama ngozi yao tu. Lakini ile rangi inayokosekana kwenye ngozi hukosekana na ndani ya jicho, na bila rangi hiyo sehemu ya katikati ya retina, ile tunayoitumia kusomea, haikomai sawasawa mtoto anapokua tumboni. Ndiyo sababu ya macho yao kuchezacheza, kuumizwa na jua na kutoona mbali. Mtoto huyo akikaa dawati la nyuma, mwalimu atadhani ni mzito wa kufahamu, kumbe haoni ubao.

Asili yake ni hesabu nyepesi. Kila mmoja wetu hupokea nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Katika ualbino uliozoeleka kwetu, mwenye nakala moja yenye hitilafu haonyeshi dalili yoyote. Wakikutana mume na mke ambao kila mmoja anayo nakala moja ya namna hiyo bila kujua, kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mwenye ualbino. Baba amechangia nusu, mama amechangia nusu, wala hakuna aliyekosa. Mume anayemfukuza mkewe kwa sababu hiyo anaifukuza nusu tu ya hesabu, na nusu nyingine anabaki nayo mwenyewe. Taifa letu limeona mauaji ya kinyama yaliyotokana na ujinga juu ya jambo hili. Mandir hii na iwe mahali ambapo mtoto wa namna hiyo hupewa kofia, miwani na kiti cha mbele.

Hesabu hiyohiyo hutuhusu sisi Wagujarati. Yapo magonjwa ya retina yanayoanza kwa mtoto kushindwa kuona jioni, kisha uwanda wa kuona unapungua mwaka hadi mwaka mpaka anabaki kuona kama kwa tundu la bomba. Mengi ya hayo hufuata kanuni ileile ya nakala mbili, na nafasi ya nakala hizo kukutana huwa kubwa zaidi watu wanapooana ndani ya duara dogo la ukoo. Wazee wetu walipokataza kuoana ndani ya gotra moja walikuwa na busara. Lakini jamii iliyo ndogo kama yetu, inayochagua wachumba katika familia zilezile kwa vizazi vingi, hupunguza faida ya katazo hilo.

Na kuna saratani ya retina, inayowapata watoto wadogo, mara nyingi kabla ya miaka mitano. Mwaka 1971 Alfred Knudson wa Marekani alieleza kwamba huanza pale nakala zote mbili za jeni moja zinapoharibika, na kwamba watoto wengine huzaliwa wakiwa wameirithi moja iliyokwisha haribika. Dalili yake mama huweza kuiona mwenyewe: mboni ya mtoto inang'aa weupe kama jicho la paka, hasa katika picha iliyopigwa kwa taa. Mtoto huyo asingoje hata wiki, na ndugu zake nao wapimwe. Akiwahi hupona, na akichelewa hupotea jicho, pengine na uhai.

Ndugu waheshimiwa, tumefika sasa kwenye ugonjwa uliomchukulia baba yetu nuru yake, nao ni kisukari. Humu urithi na kinga hukutana.

Kisukari kinachoanza utotoni hutokana na kinga ya mwili kuziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kile cha utu uzima kina mkono mkubwa wa urithi pamoja na maisha tunayoishi. Kwa vyovyote, sukari ikizidi katika damu kwa miaka, hudhoofisha mishipa midogo ya retina. Chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa kinga, hunata kwenye kuta za mishipa hiyo na kuzidisha madhara. Mishipa huvuja na kuziba. Retina ikikosa hewa, huomba mishipa mipya iote, nayo huota kweli, lakini ni dhaifu kama mche ulioota kivulini. Hukatika, damu ikajaa ndani ya jicho, kisha makovu yakaivuta retina na kuibandua.

Juu ya urithi wa kisukari, jamii yetu ilikwisha kupimwa. Mwaka 1991 Dakta Kaushik Ramaiya na wenzake walichapisha katika jarida la British Medical Journal uchunguzi wa jamii saba za Wahindu waishio Dar es Salaam, wakaonyesha kwamba kisukari kilitofautiana kutoka jamii moja hadi nyingine. Wote walikuwa Wahindu wa jiji moja, na bado hesabu hazikulingana. Maana yake ni kwamba kila ukoo una habari zake za kutafuta.

Lakini majirani zetu msidhani haya ni ya Wahindi peke yao. Mwaka 1989 Profesa McLarty na wenzake walichapisha matokeo ya vijiji sita vya Kilimanjaro, Mara na mkoa huu wetu wa Morogoro, na waliokuwa na kisukari walikuwa chini ya mtu mmoja kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban 9 kati ya 100. Vipimo havikuwa vya aina moja, na vijiji si taifa zima, lakini tofauti hiyo si ndogo. Jeni za Watanzania hazikubadilika kwa muda wa miaka 23. Kilichobadilika ni sahani, soda na miguu yetu isiyotembea tena. Treni zilizoibeba sukari ya Kilombero zilipita Mikumi na kushukia hapa Kilosa, nasi wafanyabiashara tuliiuza kwa kilo bila kujiuliza inaishia wapi.

Baba yetu alijua ana sukari kwa zaidi ya miaka kumi kabla sisi hatujajua. Vidonge alivificha ndani ya kopo la majani ya chai, rafu ya juu, nyuma ya dukani. Wakati ule dada yetu alikuwa akichumbiwa, naye alihofu watu wasije wakasema nyumba hii ina ugonjwa. Hakwenda kupimwa macho hata mara moja. Noti alizitambua kwa kuzipapasa, nasi tukasema mzee ana mkono mwepesi. Tulipomfikisha kwa daktari bingwa, tuliambiwa kwamba miaka mitatu nyuma miale ya leza ingeweza kuokoa sehemu kubwa ya uoni wake. Hatuna wa kumlaumu. Alificha kwa kutupenda, na mapenzi yale yalimgharimu macho yake, na nusura yatugharimu na yetu.

Maana sisi watoto wake tu wanne, na wawili tunacho kisukari hichohicho. Mmoja wetu, kwa sababu tu ya yaliyompata baba, alikubali kupimwa retina ilhali anaona vizuri kabisa. Alikutwa mishipa imeanza kuvuja. Akapigwa leza, na hadi leo anasoma gazeti. Tofauti kati yake na baba si bahati. Yeye alijua alichorithi.

Waswahili wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi wafanyabiashara tuna mfano mwingine. Mtoto akirithi duka, hurithi na madeni yake. Akilifungua daftari mapema, atalipa kidogo kidogo na duka litasimama. Akiliogopa daftari, ataamshwa na wadai mlangoni. Mwili nao ni hivyo. Tulichorithi ni deni lililoandikwa, nalo hulipika kwa anayelisoma.

Kwa hiyo tunaleta ombi moja. Kila Diwali tunafanya chopda pujan, tunaviweka vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na kuviombea baraka. Tunaomba mwaka huu kila familia, katika kitabu chake kipya, iandike ukurasa mmoja wa afya: babu alikuwa na nini, bibi alipofuka kwa sababu gani, shangazi alikuwa na sukari au presha, mtoto yupi haoni usiku. Majirani zetu wasio na chopda wana madaftari; waandike humo. Ukurasa huo usomwe kwa watoto wakifika umri wa kuelewa, na usomwe na familia zote mbili kabla ya uchumba kufungwa. Asiwepo wa kuvunja uchumba kwa ajili yake, kwa sababu nyumba isiyo na neno la kuandika haipo. Ukiufunua wako, mwenzako naye atapata moyo wa kuufunua wake.

Na baada ya kuandika, tupime. Mwenye kisukari cha utu uzima apimwe retina siku ileile anapogundulika, kisha kila mwaka, hata kama anaona vyema. Mjamzito mwenye kisukari apimwe mapema zaidi. Ashike sukari na presha yake. Mwaka 1993 uchunguzi mkubwa wa Marekani na Kanada ulithibitisha kwamba kuidhibiti sukari huzuia na kuchelewesha madhara haya ya retina. Aanzie hospitali ya wilaya hapa Kilosa, au hospitali ya Mtakatifu Kizito kwa walio Mikumi, naye ataelekezwa. Akihitaji mabingwa, Muhimbili na CCBRT ziko Dar es Salaam, na KCMC iko Moshi. Zamani safari ya Dar es Salaam ilikuwa ya kuagana. Leo treni ya kisasa inasimama Kilosa, na udhuru umepungua.

Tunajua wapo watakaouliza, na karma je? Maharaj wetu ataeleza vizuri kuliko sisi. Sisi tunachojua ni kwamba neno lenyewe maana yake ni tendo. Jeni hatukuzichagua. Kuandika ukurasa, kupanda treni, kulaza kichwa mbele ya daktari na kupanuliwa mboni, hayo ni matendo, na yako mikononi mwetu.

Mwisho, tunaishauri kamati kwamba kwenye sinia la prasad pawepo na matunda kando ya ladu. Bwana Ganesh anazipenda ladu, nasi hatutaki kumnyima. Ila wengi wa sisi tunaopokea kwa niaba yake hatuna kongosho la kuzihimili.

Aarti itawashwa baada ya hotuba hii. Tunawaombea kila mmoja wenu aione taa hiyo kwa macho yake leo, na mwakani, na miaka mingi ijayo.

Jai Shri Krishna.